Mpira wa Ndani

Jina likishakupata uwanjani, hata mama yako mzazi hawezi kulibandua. Kijana huyu walimwita Mlango, na kwa jinsi watu wazima wenye ndevu zao walivyolitamka huku wakishika mbavu kwa kicheko, ilikuwa wazi kwamba jina limekaa.

Chanzo kilikuwa mguu wake wa kushoto. Kijana alikuwa mpigaji wa besiboli, tena si wa kubahatisha. Mpira uliopita juu ya kisahani, kile kibao cheupe kilicholazwa chini mbele ya mpigaji, aliuchapa ukaenda kutafutwa kwenye magugu. Uliopita mbali naye aliufuata kwa gongo lake akaupeleka upande wa kulia taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Lakini mrushaji akimletea mpira wa ndani, ule unaopita kati ya kisahani na tumbo la mpigaji, mguu wa kushoto ulikimbia bila kumwuliza mwenyewe. Ulichepuka nyuma, kiuno kikaufuata, kifua kikabaki wazi, na gongo likachapa hewa tupu. Ugonjwa huo ulimwanza siku mpira mmoja ulipompata kwenye mbavu akalala chini akihema. Mbavu zilipona. Mguu haukupona.

Mashabiki ni watu wasio na dogo. Walipogundua, wakatunga mchezo wao ndani ya mchezo. Kila kijana alipoingia kupiga, upande mmoja wa uwanja ulipaza sauti, "Hodiii!" na upande wa pili ukaitika, "Karibu, mlango uko wazi!" Hapo mrushaji hakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Alitupa ndani, mguu ukafungua, mwamuzi akahesabu, na kijana akarudi benchi akiangalia viatu vyake.

Kilichozidisha utamu wa mzaha ni kwamba kaka yake alikuwa anatengeneza milango. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha ya chuma, na mtaa mzima ulimwita Fundi. "Fundi," walimtania, "milango ya watu unaifunga mpaka mwizi analia. Huyo wa kwako mbona komeo limelegea?" Fundi alicheka pamoja nao, maana anayekasirikia utani huongezewa. Lakini akifika nyumbani alikaa muda mrefu kitandani bila kuvua viatu, na mkewe akajua kwamba leo tena walikuwa uwanjani.

Fundi ndiye aliyemlea mdogo wake. Baba yao alifariki Fundi akiwa bado shuleni, mama naye hakukaa sana baada ya hapo, na mdogo wake alikuwa wa kubebwa mgongoni. Aliacha shule, akajifunza kuchomelea, akamvalisha, akamsomesha kadiri mkono ulivyofika. Ndugu wengine walikuja kutoa pole na kula, kisha wakaenda zao. Kwa hiyo mtu akimcheka yule kijana, Fundi alihisi anachekwa malezi yake, na hapo sitamlaumu, maana hata mimi ningehisi hivyo.

Alimfundisha mdogo wake kuchomelea, lakini hakutaka abaki nayo. Moshi wa vyuma ulikuwa umeshamwingia mwenyewe kifuani. Asubuhi alikohoa mpaka mkewe akamletea maji ya uvuguvugu, akamsimamia anywe. "Mimi moshi umeshanila," alikuwa akisema. "Wewe hautakuonja." Ndiyo maana kijana alipochukuliwa na timu ya kiwanda cha mabati, akipewa kibarua cha kupanga mabati asubuhi na mazoezi alasiri, Fundi alitembea mtaani kwa wiki nzima akiwasalimia hata watu asiowajua. Kibarua kingeweza kugeuka ajira. Ajira ilikuwa na likizo, na matibabu, na uzee wenye chakula. Hicho tu ndicho alichokuwa akikitaka, na alikitaka kwa roho yake yote.

Kisha Kocha akamwita pembeni. Kocha alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, asiyejua kuzunguka maneno.

"Fundi, nitakwambia bila kupaka mafuta. Wakubwa wa kiwanda wanataka kuajiri mpigaji mmoja moja kwa moja. Mdogo wako mkono anao, akili anayo. Mguu hana."

"Mguu anao, Kocha."

"Anao wa kukimbilia. Mechi ya mwisho tunacheza na Magereza, na yule mrushaji wao, Afande, anaweka watu ndani kuliko hakimu. Kijana akisimama mbele yake akapiga mpira wa ndani, nafasi ni yake, nitamsemea mwenyewe. Akifungua mlango tena, namrudisha kwako ukachomelee naye."

"Hatafungua," Fundi akasema.

"Wewe unajuaje?"

"Kufunga milango ndiyo kazi yangu, Kocha."

Kesho yake alikata kipande cha chuma cha pembe, akakichomelea miguu miwili mifupi yenye ncha, akakipigilia ardhini nyuma ya karakana, pale hasa ambapo mguu wa kushoto wa mdogo wake ulipenda kukimbilia. Ukichepuka tu, kisigino kinagonga chuma. Ukutani alitundika godoro kuukuu la kuzuia mipira. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alikusanya mipira iliyochanika ambayo timu ilikuwa imeitupa, akashona upya ngozi zake kwa uzi uliopakwa nta, mmoja mmoja, mpaka ikawa imara kuliko ilivyotoka dukani. Aliishona akijua ni ya kupigwa kwa gongo.

Kwanza walikwenda vizuri. Fundi alirusha, kijana akapiga, na yale aliyoyafundisha Kocha mazoezini yakarudiwa mpaka kuku wa jirani wangeweza kuyakariri: kiwiko kikae karibu na mbavu, mikono isitoke kifuani, kiuno kigeuke kwanza na mikono ifuate. "Mpira wa ndani unaupiga ukiwa bado mbele yako," Fundi alisema. "Ukiusubiri ufike, umeshakufikia." Kijana alielewa. Mikono yake ikakaa ndani, kiuno kikawa chepesi. Lakini kila mpira ulipokaribia mwili, kisigino kikagonga chuma, ngo, na wote wawili wakatazama chini.

"Kaka, mimi siuamuru," kijana akasema. "Unaenda wenyewe."

Fundi akaweka mpira chini. Akakunja mkono wa ovaroli akamwonyesha mkono wake, ulivyojaa alama ndogo ndogo za kuungua kuanzia kiganja hadi kiwiko.

"Unaona hizi? Cheche ikikudondokea ukiwa katikati ya kazi, unafanya nini?"

"Natulia."

"Kwa nini?"

"Nikiruka, kiungo kinaharibika."

"Siku ya kwanza ulitulia?"

"Siku ya kwanza niliangusha kila kitu nikakimbilia kwa shemeji."

"Na sasa?"

"Sasa nasubiri izime."

"Basi mpira nao ni cheche," Fundi akasema. "Ni maumivu tu. Mwili ukishajua kwamba ni maumivu tu, utatulia."

Maneno hayo yalikuwa matamu, na kijana aliyameza, kwa sababu kila alichokijua alikuwa amekijua kutoka kinywa hicho. Kosa lililokuwamo lilikuwa kubwa kuliko geti. Cheche inaunguza ngozi na kuzimika. Mpira wa besiboli haujui kuzimika. Lakini Fundi alikuwa amepata riziki yake yote kwa kutulia mahali ambapo wengine wangeruka, na mtu hupima dunia kwa futi aliyonayo mkononi.

Akamwambia aweke gongo chini asimame tu. Akarusha mpira wa matambara, ukampata kwenye paja. Kisigino kikagonga chuma. Akarusha tena. Siku zilizofuata matambara yakawa mpira wa tenisi, kisha mipira ile ya ngozi aliyoishona mkewe, isiyorushwa kwa nguvu zote lakini nayo si ya mzaha. Ilimpata kwenye mapaja, kwenye mkono wa juu, mgongoni, kwenye mbavu zilezile. Sheria ilikuwa moja: mwili usihame. Ukihama, tunaanza upya. Kijana alikunja uso, akauma meno, akasimama. Alikuwa na tabia ya kutania akiumia, na hiyo ndiyo iliyomfanya Fundi asione alikuwa akifanya nini.

"Shemeji, nipashie maji ya moto," alisema jioni moja akiingia jikoni. "Kaka amenipiga pasi bila kunivua shati."

Shemeji yake hakucheka. Alimwambia ageuke, akainua shati, akatazama mgongo ulivyobadilika rangi. Kisha akatoka akaenda kumsimamia mumewe, aliyekuwa akinawa mikono.

"Hivi wewe Fundi, unamfundisha kupiga au kupigwa?"

"Yote ni somo moja."

"Mipira ile nimeshona mimi. Kama ningejua inakwenda mgongoni mwa shemeji yangu, ningeitia motoni."

"Mke wangu, acha. Unataka abaki hapa akohoe kama mimi?"

"Nataka abaki mzima. Huyu ni mtoto uliyemlea mwenyewe."

"Ndiyo maana," Fundi akasema, na mkewe akaona kwamba anaongea na ukuta. Aliondoka akaenda kumpashia kijana maji.

Kocha naye alipita kuangalia. Alisimama kando ya karakana, mikono nyuma, akatazama Fundi anavyorusha na kijana anavyopokea. Mguu wa kushoto haukuwa ukigusa chuma tena. Mpira ulimpiga kijana begani, yeye akatikisika kidogo tu, macho yakabaki mbele. Kocha hakufurahi. Alimshika Fundi mkono wakaenda mpaka nyuma ya mitungi ya gesi.

"Umemfundisha kuanguka?"

"Kuanguka kivipi?"

"Mpira unaomfuata kichwani hausimamiwi, Fundi. Unageuza uso nyuma, unaficha kidevu begani, unajitupa chini. Hilo ni somo la kwanza, kabla ya kiuno, kabla ya kitu chochote. Mtu akishajua kuanguka, hofu inatoka yenyewe, kwa sababu anajua ana pa kwenda. Mfundishe kuanguka ndiyo umrudishe kusimama."

"Sawa, Kocha," Fundi akasema.

Ilikuwa ile sawa ya kumaliza maneno. Moyoni alikuwa akitukana. Mtu anahangaika na mdogo wake mpaka amesimama, leo anakuja mwingine anataka aangushwe! Fundi alikuwa amepanda juu ya mapaa mengi akichomelea kenchi, na kule juu walikuwa na msemo wao: anayefikiria kuanguka ameshaanguka. Alihofia kwamba akimfungulia kijana kimlango kimoja tu cha kukimbilia, mguu ule utakumbuka njia, na kazi yote itakuwa bure. Atamfundisha hilo baadaye, akishaajiriwa. Baadaye kuna muda mwingi.

Kijana alikuwa amemwona Kocha akichezesha mikono. "Kaka, anasemaje?"

"Anasema umeiva."

"Na ukija wa kichwani, nifanyeje?"

Fundi aliupangusa mpira kwenye ovaroli. "Hauji. Na ukija, utapita. Wewe simama." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ile anayoagizia umeme ukatwe au uwashwe, na mdogo wake akaitikia kwa kichwa.

Wakarudisha gongo. Hapo nisiwe mchoyo wa furaha, kwa maana ilikuwepo. Mpira wa kwanza wa ndani aliopiga vizuri ulitoka kwa mlio mkavu, ukapita juu ya ukuta upande wa kushoto, ukagonga bati la jirani, na jirani akatoka akifoka. Fundi aliomba radhi huku akicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Akamkumbatia mdogo wake, akamnyanyua juu, kijana mwenye mwili mkubwa kuliko wake. Walirudia, ukatoka vilevile. Mikono ndani, kiuno kwanza, mpira ukiwa bado mbele. Fundi akang'oa chuma cha pembe ardhini, na mguu wa kushoto ukabaki mahali pake kana kwamba chuma bado kipo. Hata mkewe, aliyekuwa akitazama dirishani na uzi mdomoni, alipiga makofi mara moja kabla hajajikumbusha kwamba amekasirika.

Siku ya mechi jua lilikuwa kali na uwanja ulijaa. Magereza walikuja na lori zima la askari wa kushangilia. Afande mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura, mwenye mikono mirefu ambayo ilionekana kutoa mpira karibu na uso wa mpigaji. Wawili wa kwanza wa kiwanda aliwaweka ndani, akawarudisha benchi bila kutoa jasho. Kisha akaingia Mlango.

"Hodiii!" upande wa askari ukapaza.

"Karibu, mlango uko wazi!"

Fundi alikuwa benchi la mbele na mkewe. Alikuwa amevaa shati la kutokea, limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Afande akatupa ndani. Mpira ulipita karibu na mkanda wa kijana, na kijana hakusogea hata unywele. Mwamuzi akasema haukuwa halali. Afande akamtazama mara ya pili, akatupa tena palepale, ndani kidogo tu kuliko kisahani, kwa kasi yake yote. Kiuno kikageuka. Mpira ukaruka kando ya mlinzi wa besi ya tatu, kituo cha tatu cha wakimbiaji, ukaenda mpaka kwenye ukuta, na kijana akakimbia mpaka besi ya pili akasimama hapo, akihema, meno yote nje.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Umefungwa huo! Umefungwa!" na watu walewale waliokuwa wakibisha hodi wakaanza kumpigia makofi, kwa maana shabiki hana haya. Kocha aligeuka akamtafuta Fundi kwa macho, akainua kidole gumba. Nafasi ilikuwa yake. Fundi akamshika mkewe mkono, naye akamwachia aushike.

Kama mechi ingeishia hapo, ningekuwa nimewasimulia hadithi nyingine. Lakini kila mpigaji hurudi.

Aliporudi mara ya pili, hakuna aliyebisha hodi. Afande alikuwa amelowa jasho, akijifuta mkono kwenye suruali. Watu baadaye walisema mengi, kwamba alikusudia, kwamba aliona haya. Mimi nasema uliteleza, kwa sababu niliona uso wake ukibadilika kabla mpira haujafika katikati ya njia. Ulitoka mkononi ukiwa juu, ukapinda kuelekea ndani, ukaja moja kwa moja usoni kwa kijana. Mdakaji, aliyechuchumaa nyuma yake, alipiga kelele. Mwamuzi aliruka pembeni. Askari kwenye lori waliinama. Fundi mwenyewe, mbali kule kwenye benchi, aliinamisha kichwa na kukinga uso kwa mkono, mwili wake ukifanya kile ambacho mwili wa kila mtu uwanjani ulikifanya.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama.

Helmeti, ile kofia ngumu ya mpigaji, ililinda sikio na kichwa. Haikulinda uso. Mlio wa pigo haukuwa mkubwa, na kijana hakuanguka mara moja. Alibaki kwenye mstari wake, miguu imekaa alipofundishwa, gongo begani, damu ikishuka shingoni, mpaka mdakaji alipomkumbatia kwa nyuma na kumlaza chini. Fundi alifika pale bila kujua ameruka uzio namna gani. Alipiga magoti akamshika mdogo wake mkono, akarudia, "Nipo, nipo, nipo," na kijana akasema kwa mdomo uliojaa damu, "Sikuhama, kaka."

Hospitali walimpeleka chumba cha upasuaji, wakamwunga mfupa wa shavu, wakamfunga bandeji nusu ya uso. Uvimbe ulikuwa mkubwa hivi kwamba jicho la kushoto halikuweza kufunguliwa. Daktari alisema wasubiri uvimbe upungue. Fundi alikaa kando ya kitanda akiwa na shati lilelile la kutokea. Hakula mpaka mkewe alipomlisha kwa mkono.

Afande alikuja, bila sare, akiwa na mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni akishindwa kuingia. "Uliteleza," alisema. "Nilipouona unakwenda, nikasema ataanguka. Wote huanguka. Sijawahi kuona mtu akibaki." Mkewe Fundi aliyapokea machungwa akamwambia aende akapumzike, si kosa lake. Alisema hivyo bila kumtazama mumewe, na Fundi alielewa kila neno.

Kocha alikuja na habari ya kiwanda. Wakubwa walikuwa wameuona ule mpira wa kwanza. Nafasi walikuwa bado wameiweka, mradi daktari aseme jicho ni zima. Bila macho mawili hakuna kupiga, na hata mashine za mabati haruhusiwi mtu kuzisogelea. Alipomaliza kusema hayo aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaishusha ile sauti yake ya kukwaruza.

"Mwanangu, mbona hukujitupa? Kaka yako hakukufundisha kuanguka?"

Fundi alifungua mdomo. Alitaka kusema, Mungu ni shahidi wake, lakini mdogo wake alimtangulia.

"Alinifundisha, Kocha. Mimi ndiye niliyesahau."

Kocha aliguna akamtazama Fundi, na Fundi akaitazama sakafu. Aliona haya ambayo hajawahi kuyaona maishani mwake. Alikuwa amemlea mtoto huyu tangu mgongoni, na sasa mtoto ndiye aliyekuwa amembeba. Kocha alipotoka, alijaribu kusema, "Kwa nini umemwambia..." lakini kijana alijifanya amelala.

Siku uvimbe ulipopungua, daktari alikuja asubuhi. Alikuwa mwanamke mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Alifungua bandeji polepole, akasafisha kope kwa pamba, na jicho la kushoto likafunguka. Lilikuwa limeingia wekundu pembeni, lakini katikati lilikuwa safi, jeusi, linang'aa. Fundi alishusha pumzi. "Si unaona?" alimwambia mkewe. "Si unaona lilivyo zima?"

Daktari alimwambia kijana aketi atazame mbele. Akaliziba jicho la kulia kwa kipande cha karatasi ngumu. Kisha, bila kusema kitu, akapeleka mkono wake kwa ghafla karibu kabisa na lile la kushoto.

Kijana hakupepesa.

Akarudia, kutoka pembeni. Jicho lilibaki wazi, limetulia. Daktari akaandika kitu, akawasha kurunzi yake ndogo, akapitisha mwanga, akaandika tena. Mkewe Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Daktari, samahani," Fundi akasema. Alisimama. "Kwa huyu kipimo hicho hakifai. Huyu hapepesi. Nimemfundisha mimi. Hata umrushie jiwe hatikisiki, uliza uwanja mzima. Anajizuia tu."

"Kaa chini, mzee wangu," daktari akasema kwa upole.

"Anajizuia, nakwambia. Niachie mimi, mimi ananijua."

Daktari alisita, kisha akasogea kidogo, akiwa bado ameshikilia ile karatasi juu ya jicho la kulia. Fundi alijisogeza mbele ya mdogo wake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Aliinua kiganja chake kikubwa, kile chenye alama za cheche, akakishikilia hewani.

"Mdogo wangu, nisikilize. Yale yote niliyokwambia, yaache. Nilikosea. Hapa si uwanjani, hapa unatakiwa ukwepe. Umenielewa? Ukiuona mkono, kwepa."

"Nimekuelewa, kaka," kijana akasema. Alikaa wima, tayari, kama anavyokaa mtu anayetaka kufaulu mtihani.

Fundi akausukuma mkono kwa nguvu zote, akausimamisha unywele mmoja kabla ya kope. Jicho halikusogea. Akaurudisha nyuma, akausukuma tena, na tena, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na mkewe akamshika bega amwondoe naye hakuondoka.

"Kwepa," alisema. "Kwepa, nakuomba. Kwepa basi, mdogo wangu!"

Kijana aligeuza uso kidogo, akiitafuta sauti.

"Nikwepe nini, kaka?"